Umehama timu, asisti zimekauka: jibu kwa pointi gadi aliyetoka Iringa kuja Mbeya

Ujumbe uliingia Jumatatu usiku. Kijana anacheza mpira wa kikapu, ni pointi gadi, yule anayeongoza mashambulizi na kupimwa kwa asisti, yaani pasi zinazozaa kikapu. Ametoka timu ya Iringa, yuko Mbeya tangu mwezi wa pili. Ameandika hivi: "Kocha shikamoo. Kule nilikuwa natoa asisti saba, nane kwa mechi. Huku nimeshacheza mechi sita, nyingi kabisa ni tatu. Robo ya nne naanza kukalishwa benchi. Kule wameshasema nitarudi tu. Mwezi ujao tunakwenda kucheza nao kwao. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Hao wanaosema utarudi wangekuwa na la maana wangekwambia pia kwa nini. Najibu hapa hadharani kwa sababu kila usajili ukifungwa maswali ya aina hii yanakuja matano, sita, na majibu ninayoona vijana wakipewa ni yale yale: jiamini, ongeza mazoezi, usikate tamaa. Mtu akikwambia uongeze mazoezi, muulize mazoezi ya nini.

Senta, yule mrefu wa karibu na kikapu, akihama timu anahama na urefu wake. Mpiga tatu, anayetupa kutoka mbali kwa pointi tatu, anahama na mkono wake, na ringi atakayoikuta ina mita 3.05 kutoka chini, Iringa na Mbeya sawa, ukiacha vile viwanja ambavyo nguzo imeinama na kila mtu anavijua. Pointi gadi hahami hivyo. Nusu ya ufundi wako imo kwenye miili ya watu wengine wanne: unajua yule anakimbilia kona bila kuangalia, unajua senta wako anageukia kushoto, unajua winga ukimpa mpira chini ataukosa. Ulikuwa hufikirii, mikono ilikuwa inajua yenyewe. Ulipopanda basi, nusu hiyo uliiacha kule. Kiwango hakijashuka. Mikono yako bado inapeleka pasi kwa watu walioko Iringa.

Kabla ya kurekebisha chochote, hesabu upya. Asisti ni kazi ya watu wawili lakini karatasi inaandika jina moja. Mtafute mtu wa benchi au rafiki aje na kalamu, mechi mbili zinatosha, aandike safu tatu. Ya kwanza, kila pasi yako iliyomfikisha mwenzako kwenye mtupo wazi, iingie isiingie. Mtupo wazi maana yake hakuna mkono wa mkabaji ndani ya hatua moja. Ya pili, kati ya hizo ni ngapi zimeingia. Ya tatu, mipira uliyopoteza. Ukikuta pasi kumi na mbili na zimeingia tatu, macho yako ni mazima, ila unawapelekea watu mpira mahali ambapo si pao. Ukikuta pasi tano tu, basi tatizo lipo kabla ya pasi: hupati mwanya, na tutalifikia chini kwenye skrini, yaani mwenzako kusimama njiani mwa mkabaji wako ili wewe upite. Safu ya tatu ndiyo inayokukalisha benchi robo ya nne. Asisti mbili kwa kila mpira mmoja uliopotea ni alama ya kupita kwa pointi gadi. Chini ya hapo kocha yeyote mwenye akili atampa mpira mtu mwingine timu ikiwa mbele kwa pointi nne, hata kama mtu huyo hana mbwembwe zako.

Tazama waliohama kwenye ligi ya Marekani, maana namba zao ziko wazi. Steve Nash alitoka Dallas kwenda Phoenix mwaka 2004 akiwa na miaka 30, Dallas hawakutaka kufikia dau ambalo Phoenix waliweka mezani. Phoenix msimu uliotangulia walishinda mechi 29. Akafika, wakashinda 62, akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2005, akarudia 2006. Sasa angalia kilichopanda. Pointi zake zilitoka 14.5 kwa mechi hadi 15.5, pointi moja tu. Asisti ndizo zilizoruka, kutoka 8.8 hadi 11.5. Kocha Mike D'Antoni alitaka mpira uvuke nusu haraka, Amar'e Stoudemire alikuwa akiweka skrini na kushuka kikapuni kama mzigo unaoanguka, na kona zilikuwa na watu wanaopiga tatu. Nash aliingia kwenye timu ambayo kila mtu alikuwa anasimama pale ambapo Nash alipenda kupeleka mpira.

Jalen Brunson naye alitoka Dallas hiyo hiyo, mwaka 2022, akaenda New York. Kwake kilichobadilika ni kingine. Dallas mpira ulikuwa wa Luka Dončić, yeye alikuwa anapata makombo. New York walimkabidhi. Pointi 16.3 kwa mechi zikawa 24.0, msimu uliofuata 28.7. Halafu kuna Russell Westbrook, ambaye watu hawapendi kumtaja kwenye makala za kutiana moyo. Mwaka 2021 alitoka Washington akiwa na wastani wa asisti 11.7, akaenda Lakers, mahali ambapo mashambulizi yalikuwa yanaanzia mkononi mwa LeBron James. Asisti zikashuka hadi 7.1, timu ikashinda 33 ikapoteza 49, mtoano hawakuuona. Mikono yake ilikuwa ile ile. Ila asipokuwa na mpira hakuwa tishio la kupiga tatu, kwa hiyo mkabaji wake alikuwa anamwacha na kwenda kusaidia kumkaba mwenzake.

Kwa hiyo kuna swali moja ambalo ulitakiwa kumuuliza kocha kabla ya kusaini, na kama hukuuliza, uliza kesho kabla ya mazoezi, kwa adabu, mkiwa wawili: "Mwalimu, mpira ukivuka nusu, nani anaushika kwanza? Na mimi nikiwa sina mpira, unataka nisimame wapi?" Akijibu "wewe utaushika," wewe ni Nash au Brunson. Akisema kuna winga anayeanzisha, basi wiki zako mbili zijazo ni za kupiga tatu ukiwa umesimama kona na mita mbili pembeni ya kona, mitupo mia moja kwa siku, na hesabu zinazoingia. Chini ya thelathini na tano mazoezini hakuna atakayekukimbilia kwenye mechi. Kocha akikujibu "wewe cheza tu," rudia swali kwa mfano: "Kama dakika ile ya mwisho juzi, mwalimu, ulitaka niwe wapi?" Makocha wetu wengi wanajua wanachotaka lakini wanakisema kwa kupiga kelele ya "tulia!" kutoka pembeni, na hakuna pointi gadi aliyewahi kutulia kwa kuambiwa atulie.

Sasa kazi yenyewe. Nunua kaunta buku ndogo. Ukurasa mmoja kwa kila mwenzako, na kila ukurasa una mambo manne: anadaka kwa mkono gani vizuri, sehemu mbili za uwanja anazozipenda, pasi anaitaka kwa urefu gani, na kutoka kudaka hadi kutupa anachukua muda gani. Usiyaandike kwa kuyafikiria nyumbani. Fika uwanjani nusu saa kabla, waombe wenzako wawili nao wawahi. Sehemu tano: kona mbili, pembeni mbili, na juu katikati. Kila sehemu pasi tano kwa mmoja mmoja, yeye anatupa, wewe unaangalia mikono yake tu, mpira umeingia ama haujaingia haikuhusu. Pasi ishirini na tano ni kama dakika sita. Wachezaji wawili kila siku ya mazoezi. Kama timu ina watu kumi, wenzako tisa unawamaliza kwa siku tano. Wengi wanaishia na wale wanne wanaoanza. Wamalize wote tisa, kwa sababu robo ya pili utacheza na wa benchi, na hapo ndipo mipira inapotea.

Utaona mambo madogo sana, na hayo ndiyo kazi. Chukua mpiga tatu anayetumia mkono wa kulia, amesimama kona ya kulia. Wewe uko juu katikati, kwa hiyo mpira unamjia kutoka upande wake wa kushoto. Ukiishia kwenye bega lake la kushoto, inabidi auvute kuvuka kifua ndipo aupandishe. Ni nusu sekunde. Nusu sekunde hiyo inamtosha mkabaji kutoka ndani na kumfikia mkono usoni. Pasi ile ile ukiipeleka upande wa kulia wa kifua chake, kati ya kitovu na kwapa, anadaka mikono ikiwa tayari iko mahali pa kutupia. Karatasi inaandika kakosa, kocha anasema mpigaji leo hayuko sawa, kumbe mkosaji ni pasi iliyokwenda sentimita thelathini pembeni. Kule Iringa ulikuwa unazipatia bila kujua kwa nini. Huku ni lazima ujue kwa nini.

Au senta. Wako masenta ambao mikono yao inasubiri juu, usawa wa masikio. Huyo ukimpa pasi ya kudunda chini itamgonga goti itoke nje, na itaandikwa kwa jina lako. Mpe ya juu, mkono wa mbali na mkabaji. Wako wengine wanaoinama wakishuka kikapuni, na hao pasi ya juu inapita kichwani. Wanataka ya kudunda, na mpira ugonge sakafu kwenye theluthi ya mwisho ya njia ili uwafikie kiunoni. Ukidundisha karibu na miguu yako unapanda taratibu na kufa njiani, na mkabaji anauokota kama embe.

Kwenye skrini nitakaa kidogo, kwa sababu pointi gadi wengi waliohama wanakwama hapa na wanadhani wamekwama kwenye kasi.

Skrini unayopewa na senta mpya siyo uliyoizoea. Anza na miguu yake. Mgongo wake unatakiwa uelekee pale unapotaka kwenda. Ukitaka kushuka katikati kwenda kikapuni, mgongo uelekee kikapuni, usielekee mstari wa pembeni. Masenta wengi wa mtaani wanasimama wakimtazama mkabaji wako uso kwa uso popote alipo, na matokeo yake unatoka kwenye skrini ukiwa unakimbia pembeni ya uwanja badala ya kushuka. Mwambie mazoezini, mwoneshe kwa chaki kwenye saruji. Kisha wewe subiri. Miguu yake isimame kwanza, mia kwa mia. Ukiondoka kabla hajasimama, atasogea kukufuata, refa atapuliza faulo ya skrini inayotembea, na faulo hiyo ni yake wakati kosa ni lako. Faulo mbili za namna hiyo kwenye robo ya kwanza na senta hatakuja tena kukuwekea skrini. Hatakwambia. Ataanza tu kuchelewa.

Ukipita, bega lako liguse nyonga yake. Usipite na nafasi ya mtu mmoja katikati yenu, maana mtu huyo atapita, na ndiye anayekukaba. Dribo mbili baada ya skrini, siyo nne. Kwenye dribo ya kwanza unamwangalia mkabaji wa senta, siyo wako. Wako yuko nyuma, atajijua. Mkabaji wa senta akirudi nyuma kulinda kikapu, una mtupo wa katikati, ule wa kuinua juu kabla hujamfikia. Akikurukia juu, senta wako yuko huru mgongoni mwake. Mpira utoke mara ile bega la senta linapogeuka, ukichelewa dribo moja mlango umefungwa. Wakibadilishana watu, usishambulie papo hapo kwa tamaa. Rudi dribo mbili nyuma, muache senta wako aende kumkalia yule mfupi karibu na kikapu, kisha mpira uende pembeni na kutoka pembeni uingie ndani. Na mkabaji wako akipita chini ya skrini, tupa. Ukiogopa kutupa hapo mara mbili, mechi nzima watapita chini, na skrini zote zitakuwa za mapambo.

Swali la kuandika kwenye kaunta buku kwa kila senta ni moja: baada ya skrini, anashuka au anatoka nje kutupa? Kule ulikozoea senta alikuwa anashuka, macho yako yanatafuta mtu anayeshuka. Huku senta anatoka nje nyuma yako. Unamtafuta ndani hayupo, unasita, unanyang'anywa. Ndiyo mipira unayopoteza kwenye mechi hiyo, nakuhakikishia, nenda kaangalie video. Mtu ashike simu kutoka nyuma ya kikapu, siyo kutoka pembeni. Ukipiga video kutoka pembeni huoni nafasi za katikati.

Majina ya mipango jifunze siku mbili. Kule "ngumi" ilikuwa skrini ya juu, huku "ngumi" ni ya pembeni, na pointi gadi anayesimama akifikiria ngumi ipi amekwisha kula sekunde nne. Kipimo cha kujua ni hiki: chora kila mpango kwa chaki bila msaada, uweke watu wote watano, siyo wewe tu. Ukishindwa kumuweka wa tano, hujaujua. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mazoezi ya tatu uwe unaita mipango kwa sauti wewe, kwa majina ya huku.

Na sekunde. Una 8 kuvuka nusu, 24 kutupa, na mtupo wenu ukigonga ringi mkaudaka tena wenyewe (rebaundi) mnarudishiwa 14. Pale ambapo saa haionekani hesabu mwenyewe kichwani tangu mnapoushika mpira. Mgawo unaofaa timu mpya, mkiwa hamjazoeana: skrini ya kwanza iwe imewekwa sekunde 8 zikiwa zimetumika, siyo 12. Isipozaa, mpira uhamie upande wa pili ifikapo 14. Ikifika 19 hakuna kilichotokea, mpira urudi kwako na kila mtu ajipange pembezoni akupishe. Timu zetu nyingi zinaanza kushambulia sekunde ya 15, na pasi mbili tu zimebaki. Hapo asisti zitoke wapi?

Baridi na mpira. Hili ni kwa wanaotoka Dar au Kyela zaidi. Kutoka Iringa tofauti ni ndogo. Mbeya ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo mpira uliojazwa paundi 8 pwani ukifika huku bila kufunguliwa unasoma kumi na kitu. Unakuwa mgumu, dribo inapanda juu ya kiuno, mitupo inaruka kwenye ringi. Halafu asubuhi ya mwezi wa saba baridi inaushusha tena kidogo. Mpira mmoja, siku moja, tabia mbili. Upimeni uwanjani, siyo stoo: udondoshe kutoka juu ya kichwa, chini yake irudi hadi kiunoni, mita moja na kidogo. Namba za paundi zimeandikwa karibu na tundu la upepo, kwa kawaida 7 hadi 9. Sindano ilowesheni kabla ya kuiingiza, ikiingia kavu inachana valvu na mpira unaanza kupumua polepole, mnalaumu fundi. Vidole vya baridi havidaki, kwa hiyo pasha mikono kwa pasi kali za ukutani dakika tano kabla ya kugusa ringi. Kwenye uwanja wa saruji wenye vumbi, kitambaa chenye maji pembeni, futa soli kila mapumziko. Viatu vya soli laini vinakwisha haraka kwenye saruji, basi. Pumzi kwa aliyetoka chini itamsumbua wiki mbili hivi, asishtuke, na asikimbie mbio ndefu kujitesa. Mbio fupi za kwenda na kurudi uwanja mzima, mita 28, mara sita, apumzike dakika, arudie seti nne.

Kuna yule pointi gadi uliyemkuta. Hili hukuliuliza, lakini limo ndani ya ujumbe wako, kwa sababu ndiye anayeingia robo ya nne. Kama amekuzidi umri, ni kaka, shikamoo yake iwepo. Usiombe jezi yake. Na huyu ndiye kamusi yako: anajua senta anataka pasi wapi, amekaa naye misimu mitatu. Muulize maswali matatu kila siku ya mazoezi, ya kitaalamu, siyo ya kujipendekeza: "Huyu ukimpa kushoto anageuka?" Wengi watajibu. Asipojibu, mkae benchi pamoja umuangalie anavyowapa wenzake, macho kwenye urefu wa pasi. Na mwombe kocha dakika tano za mazoezi mkicheza wawili pamoja, yeye na mpira, wewe kona. Mkiwezana, robo ya nne haitakuwa ya mmoja.

Mechi sita, lakini, mdogo wangu! Chauncey Billups alichaguliwa wa tatu kwenye usajili wa mwaka 1997 na Boston, wakamuuza kabla msimu wake wa kwanza haujaisha. Akapita Toronto, Denver, Minnesota. Alifika Detroit mwaka 2002, na mwaka 2004 walimfunga Lakers nne kwa moja, yeye akiwa mchezaji bora wa fainali. Simleti hapa kukubembeleza. Namleta kwa sababu kila timu ilikuwa na kaunta buku yake, naye alizijaza zote.

Barua ya kuachiwa na timu ya zamani unayo mkononi? Kama iko kwenye simu kama picha, nenda kachukue yenye mhuri, uulize chama cha mkoa kama jina lako limeingia kwenye orodha. Mambo haya yanakuja kuulizwa siku timu imeshinda.

Sasa hiyo mechi ya mwezi ujao. Mtasafiri zaidi ya kilomita 300, saa tano au sita kwenye basi. Basi likisimama Makambako shuka utembee, usikae ukila chipsi hadi mnapanda mlima wa Ipogolo ukiwa na miguu ya kuni. Ukifika utasalimiwa kamwene kila kona, na kuna watu watakaokuja uwanjani kuhakikisha maneno yao. Utataka kufunga pointi thelathini. Wao ndicho wanachosubiri, kwa sababu wanakujua: wanajua unapenda kushuka kulia, wanajua unasimama pembe ya kushoto ya mstari wa mitupo huru kutupa, wanajua ukichoka unadribo kichwa chini. Mkabaji wako amekukaba mazoezini misimu miwili. Kila unachokifanya bila kufikiri ameshakiona.

Wasichokijua ni wenzako wa sasa. Hawajui kwamba senta wa huku anatoka nje baada ya skrini. Kwa hiyo shambulizi la kwanza ita skrini ya juu, subiri miguu isimame, pita bega kwa nyonga ukielekea kushoto, upande ambao hawaamini utakwenda. Wawili watakufuata, wewe ndiye waliyemjia. Dribo mbili. Mpira nyuma, kwa senta, upande wa kulia wa kifua, usawa wa kati ya kitovu na kwapa. Akikosa, shambulizi la pili ita ile ile.